Ng'ombe Walilipuka, Mkwe Akanyamaza

Nusu ya fahali bado iko juu ya bati la jirani. Nimeiona leo asubuhi nilipotoka nje kupiga mswaki: kichwa, pembe moja na bega. Jirani naye ameiona. Ameniuliza, "Habari za mifugo?" akaendelea kumwagilia mchicha wake, nami nikamjibu nzuri tu, povu la dawa likinichuruzika kidevuni. Mtu aliyelipua zizi zima jana magharibi hana haki ya kununa leo asubuhi.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda ndio hawana adabu kabisa. Nilipopita kufuata mkate, mmoja alijitupa chini ya pikipiki yake na kujifunika helmeti, wenzake wakapiga makofi. Muuza duka, ambaye siku zote hunipa chenji kwa kunung'unika, leo kanipa yote bila kuhesabu, kisha akaniuliza kwa upole kama masikio yangu yamepona.

Mtaani zimeenea habari za aina tatu. Ya kwanza inasema mtungi wa gesi ulipasuka. Ya pili inasema natengeneza magobole. Ya tatu ndiyo ya kweli, na kati ya zote ndiyo inayonidhalilisha zaidi.

Watoto walifunga shule mwanzoni mwa Juni, kila mmoja akarudi na karatasi ya kazi za likizo. Hesabu, nimezoea. Insha, nimezoea. Chini kabisa, kwa wino uliokolezwa: mwanafunzi, akishirikiana na mzazi au mlezi, atengeneze vifaa vitano kwa malighafi asilia za mazingira yake, vifaa viwe imara na vya kudumu, visiwe vya kununua. Alama 20.

Sharti la kudumu ndilo lililotuponza. Sisi tuliokulia vijijini tulifinyanga ng'ombe tangu hatujajua kufunga vifungo vya shati, na hakuna aliyewahi kudai kwamba ng'ombe wa udongo adumu. Tulichota udongo mtoni, tukafinyanga, tukaanika juani, tukachunga kutwa nzima. Mvua ikinyesha, kundi lote linarudi lilikotoka. Kesho yake unaanza kundi jipya, na safari hii nundu unaiweka kubwa zaidi. Mtoto gani anataka ng'ombe wa kudumu, na kesho anataka lori?

Lakini alama 20 ni alama 20. Nikatangaza mezani kwa sauti ya mwenye nyumba: tutafinyanga ng'ombe, kisha tutawachoma. Watoto wakashangilia. Mke wangu akaniangalia. Mama mkwe, aliyekuwa akila taratibu upande wa pili wa meza, alisimamisha tonge hewani kidogo, kisha akaendelea kula.

Udongo wenyewe tulinunua. Nalirudia hili ili lieleweke. Naishi Gongo la Mboto, jirani na vilima vya Pugu, ambavyo tumboni vimejaa kaolini, udongo mweupe uliochimbwa zamani mpaka yakabaki mapango ambayo sasa yanakaliwa na popo. Udongo hauna uhaba huku. Kilichoadimika ni mahali pa kuinama ukauchota. Bondeni kwetu, pale watoto wa mtaa walipokuwa wakichimba, sasa pana ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na ng'ambo yake pana ukuta mwingine wenye maneno hayohayo, na kati ya kuta hizo mbili pana uchochoro wa kupita mtu mmoja akiwa hajashiba. Kwa hiyo malighafi asilia ya mazingira yangu niliipata kwa muuza miche na maua barabarani, shilingi 5,000 ndoo moja, na akaniuliza kama nahitaji risiti.

Watoto walifinyanga ndama na mitamba. Kifungua mimba alitengeneza ng'ombe mwenye maziwa manne na sura ya mwalimu wake mkuu. Nikamwambia aibadilishe sura, maziwa ayaache. Kitinda mimba alifinyanga kitu ambacho asubuhi kilikuwa kuku na jioni kikawa ng'ombe baada ya kuongezewa miguu. Mimi nilifinyanga fahali. Sijisifu, lakini nusu iliyoko juu ya bati inajieleza: shingo ya shiba, nundu iliyolalia upande kidogo, pembe imepinda vizuri. Kilo mbili na ushee, udongo mtupu kuanzia ngozi hadi moyoni. Niliwapanga wote ubaoni, fahali mbele, tukawaanika.

Mama mkwe alikuwa kibarazani na ungo wake. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Alikuja na mchele wa Kyela na mguu unaomsumbua, na kila siku huuchambua ule mchele ingawa hauna chuya hata moja. Mara moja tu aliinuka. Akaja ubaoni akichechemea, akamchukua fahali wangu, akamfuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamlaza shavuni. Akafumba macho. Akakaa naye hivyo, shavu kwa ubavu, mpaka nikaona haya kuendelea kuangalia. Kisha akamrudisha ubaoni kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu," akasema, "huku kwenu jua la Juni halina nguvu sana, eeh?"

"Ni kweli mama, kuna kibaridi."

"Na huyu bwana ana mwili."

"Ameshiba, mama."

"Haya, baba," akasema, akarudi kwenye mchele.

Usiku nilimwambia mke wangu kwamba mama yake amempenda fahali wangu mpaka kumkumbatia. Mke wangu akasema mama hajawahi kukumbatia kitu maishani mwake, tukalala.

Jana jioni tukachoma. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikatandika makumbi na vifuu, juu yake mkaa, nikawapanga ng'ombe, nikawazungushia mkaa mwingine, nikawasha, moto ulipokolea nikafunika kwa kipande cha bati ili joto lisipotee. Kipande hicho cha bati ndicho kilichogeuza jambo la familia kuwa jambo la mtaa, maana bila hicho mlio ungekuwa wa bunduki, na kwa hicho ukawa wa mzinga.

Kwanza ulisikika mlio mdogo, pa. Nadhani alikuwa yule kuku. Watoto wakaruka kwa furaha. Kisha pa, pa, mitamba ikafuatana. Nikawaambia ni makumbi yanapasuka, ni kawaida. Nilipogeuka nikamwona kitinda mimba amekaa peke yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mbali na wenzake, vidole amevitia masikioni, ametulia, anatabasamu. Sikupata nafasi ya kujiuliza kwa nini. Zamu ya fahali ilikuwa imefika.

Bati liliruka. Sisemi liliteguka wala lilisogea. Liliruka likapiga ukuta wa choo, na nyuma yake likafuata jivu, makaa na nyama ya udongo. Nusu moja ya fahali ikaenda juu kwa jirani. Paja la nyuma lilivuka ua na kutua kwenye sufuria ya maharage ya mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipika nje, na maharage yakatawanyika ukutani kwake. Nimeshalipa kilo moja na nazi. Niliposimama wima, vumbi lilipotulia, mtaa mzima ulikuwa nje.

Msomaji auelewe mtaa wetu. Usiku wa 16 Februari 2011 ghala la silaha la kambi ya jeshi ya hapa Gongo la Mboto lililipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa. Maelfu walikimbia usiku uleule bila kujua wanakokwenda, watoto wakapotezana na wazazi wao, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru. Miaka miwili kabla ya hapo yalikuwa yamelipuka mabomu ya Mbagala. Kwetu mlango ukibamizwa na upepo, watu husita kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Mzee wa nyumba ya kona alitoka na begi. Miaka yote hii sikujua kwamba analo. Begi dogo jeusi, zipu imekufa na kufungwa kwa pini, ndani yake vyeti vya shule vya watoto ambao sasa wana watoto wao, hati ya kiwanja na dawa za presha. Linakaa nyuma ya mlango tangu mwaka ule. Alisimama katikati ya barabara amevaa msuli na kandambili za rangi mbili tofauti, begi kalikumbatia, akiuliza tukimbilie upande gani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Ni ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe gani?"

Hapo ndipo hadithi ya gesi ilipoanzia, kwa sababu nilishindwa kumjibu na mtu mmoja nyuma akajibu kwa niaba yangu.

Mjumbe alifika na daftari. Ni mtu wa kufuata utaratibu. Akaandika tarehe, akaandika saa, akauliza ni ng'ombe wangapi waliokufa. Nikamweleza kwamba walikuwa wa udongo. Akaandika "ng'ombe", akasita, akaniuliza kama nina kibali cha kufuga. Ilichukua muda kuelewana, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo watu walivyozidi kusogea wasikie. Wengine walicheka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mjukuu mgongoni hakucheka hata kidogo; alinitazama mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake. Yule ndiye ninayemkumbuka kuliko vijana wote wa bodaboda.

Sikupata usingizi. Nilikaa na simu mpaka karibu na alfajiri nikisoma kwa nini udongo unalipuka, na lazima nikiri kwamba aibu ilinitoka kwa saa nzima, jinsi jambo lenyewe lilivyo zuri.

Udongo wa mfinyanzi si vumbi lililolowa. Ni vibamba, vidogo mno, hata kile kikubwa upana wake haufiki sehemu mbili katika elfu moja za milimita. Vimelaliana kama karata zilizomwagikiwa chai, na kati ya kibamba na kibamba pana utando wa maji. Utando huo ndio unaoviruhusu vibamba viteleze bila kuachana. Ukibonyeza udongo kwa kidole na shimo la kidole likabaki, ni vibamba hivyo vimehama, na maji yamevishika pale vilipohamia. Mchanga hauna vibamba. Una punje, na punje haina ushirikiano.

Ukianika, maji ya karibu na ngozi huondoka kwanza. Vibamba husogeleana, na kitu kizima husinyaa: chungu huweza kupungua sehemu tano hadi kumi katika mia kabla hakijauonja moto. Maji ya ndani nayo yanataka kutoka, lakini njia zake ni vile vijia vya nje ambavyo vimeshaanza kubana. Ukuta wa chungu ni mwembamba, maji yake yana safari fupi. Fahali wa kilo mbili ni jambo jingine. Maji yaliyo katikati ya tumbo lake hayana hata habari kwamba nje kuna jua. Rangi imebadilika, ukimgonga kwa ukucha anaitika, vumbi linamtoka. Ndani bado ni mbichi.

Sasa mtie motoni. Joto likifika nyuzi 100 maji hugeuka mvuke, na mvuke hautoshei pale maji yalipokuwa yamekaa. Unataka nafasi mara 1,600 na zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha maji kinadai lita nane za nafasi, na hakikubali kusubiri. Mvuke ukiwa na pa kupitia, unapita. Usipokuwa napo unajitobolea, na pale ulipojitobolea kwa fahali wangu ni tumboni, ukaelekea kwa jirani.

Ndiyo maana mfinyanzi anayejua kazi hachomi kitu kinene. Akifinyanga mnyama, humkomba tumbo abaki na kuta, na humtoboa pahali. Udongo wake huuchanganya na mchanga, au vigae vilivyotwangwa, ili mvuke upate vichochoro. Hukianika chombo kivulini, kisha juani, kisha hukipasha kwa moto mdogo wa moshi, na moto wenyewe huja mwisho. Ukipita nyuzi 500 hivi hutoka maji ya namna nyingine, yale ambayo hayakuwa kati ya vibamba bali yamefungwa ndani ya umbile la kibamba chenyewe. Hapo udongo umevuka. Hata uuloweke mwaka mzima haurudi tena kuwa tope. Mbele kidogo, kwenye nyuzi 573, chembe za mchanga zilizomo hujitanua ghafla zote kwa pamoja, na wakati wa kupoa, zikipita palepale, hunywea ghafla vilevile. Mwenye pupa ya kufunua moto mapema hukiona chungu kikimpasukia mikononi. Nilisoma hayo saa tisa usiku nikasahau kwamba nina deni la maharage.

Chombo kilichopita huko kinadumu kweli. Wachimbuzi wa mambo ya kale wana vigae wanavyoviita vya Kwale, kwa jina la Kwale ya pwani ya Kenya palipotambuliwa kwanza, na vya namna hiyo vimefukuliwa hata pwani ya Tanzania vikiwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wenyewe hawakuwa na kipimajoto. Mfinyanzi hajui udongo umekauka kwa kuangalia saa. Anajua kwa shavu.

Hapo nikaiweka simu kifuani.

Maana ndivyo ilivyoandikwa. Udongo wenye maji ndani yake huwa wa baridi, kwa sababu maji yanapotoka huondoka na joto. Kiganja cha mtu mzima kimeota sugu, hakisikii vizuri. Shavu linasikia. Wafinyanzi hukilaza chombo shavuni, na kikiwa bado na ubaridi, hukirudisha kivulini. Hakikumbatiwi. Kinapimwa.

Mama mkwe ni mtu wa Ikombe. Ni kule Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, kwa Wakisi, ambako wanawake ni wafinyanzi wa mama na binti, na vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa soko la Matema na kutoka hapo kusambaa Mbeya nzima. Nimekwenda huko kupeleka posa. Nimekalia mkeka uliozungukwa na vyungu. Na mwanamke huyu, aliyezaliwa na kuozwa katikati ya vyungu, aliketi kibarazani kwangu akinitazama nikimtayarisha fahali kwa mlipuko, akampima, akajua, akaniambia jua la Juni halina nguvu.

Hakuweza kusema zaidi. Mkwe hakosolewi, na mkwe hasa hakosolewi mbele ya watoto wake na udongo alioununua kwa fedha yake. Mama mkwe huzunguka. Husema jua halina nguvu, husema huyu bwana ana mwili, na mkwe mwenye akili anatakiwa aipate habari yake humo. Mimi nikajibu ameshiba. Naiheshimu sheria ya ukwe, nimeishi chini yake kwa amani miaka mingi, lakini natamani wazee walioitunga wangeweka kifungu kidogo kuhusu vitu vinavyolipuka.

Ukwe haumhusu mjukuu. Bibi na mjukuu ni watani, hawafichani kitu. Leo asubuhi nimemwita kitinda mimba pembeni.

"Bibi alikwambia kwamba watapasuka?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Siku ile alipomweka shavuni. Akasema ndani kuna maji, akipata moto atapiga kelele."

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri. "Bibi alisema yeye hawezi kukwambia kwa sababu wewe ni mkwe."

"Wewe si bibi. Ungeniambia."

"Nilitaka kuona," akasema.

Nimelalamika kwa mke wangu kuhusu malezi. Amenijibu kwamba udongo uwahi ungali maji, akaingia ndani kucheka.

Kuna jambo moja silichekei. Mwaka jana kazi ya likizo ilikuwa kikapu. Binti yangu wa kati alisuka chake kwa mkono wake, ukindu tulinunua lakini kusuka alisuka yeye, vidole vikamchubuka, akafumua, akasuka tena. Kilipinda upande mmoja na mshikio mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Kiliweza kubeba nyanya, nilikijaribu. Siku ya maonyesho tukakuta meza ndefu imejaa vikapu, na vikapu vyote isipokuwa kimoja vilikuwa na mkono wa fundi mmoja. Mishono ileile, mkia uleule wa kumalizia pindo. Fundi mwenyewe namfahamu, anakaa nyuma ya soko, na aliniambia bila kuficha kwamba mwezi wa likizo ndio msimu wake. Simlaumu, ana familia. Vikapu vyake vilipata 18 na 19. Cha binti yangu kilipata 9, na kwa kalamu nyekundu: Ongeza bidii.

Nani aongeze bidii? Najua darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Najua hana saa ya kumuuliza kila mtoto ameanzaje na pindo amelikunjaje. Lakini mtu mzima anayejua kusoma anaweza kuona vikapu 40 vya mkono mmoja na akajua anachokiona, na akichagua kutokiona amewafundisha watoto hao wote somo zuri sana, nalo si la ususi. Wazazi nao walisimama pale wakipiga picha na vikapu walivyovilipia, karatasi iliyokataza kununua ikiwa imebandikwa ukutani nyuma yao. Binti yangu hajagusa ukindu tangu siku ile. Safari hii tulipokuwa tukifinyanga, aliniuliza kwanza kama tunaweza tu kununua.

Vile vifaa vingine vinne havina hadithi. Tiara ya chelewa na gazeti ilipaa vizuri mno kwa upepo wa kusi, sasa iko kwenye nyaya za umeme. Filimbi ya bua la jani la mpapai ilimwachia kifungua mimba midomo iliyovimba kwa utomvu. Mwanasesere wa magamba ya mgomba aliliwa na mbuzi wa jirani, yuleyule mwenye mchicha. Mkufu wa tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, nilimpokonya mtoto na kuutumbukiza chooni, maana ni sumu ya kuua, na siku moja ya mjumbe na daftari inanitosha.

Ninapoandika haya, nyuma ya nyumba kuna kikao ambacho sikualikwa. Bibi na wajukuu wamechukua chungu changu cha maua, wamekivunja, wanakitwanga kwenye kinu. Udongo uliobaki umelowekwa upya. Nachungulia kwa dirisha la jikoni. Mama mkwe amekaa chini, mguu mbovu ameunyoosha, mikono yake imezama topeni hadi viwiko, na ng'ombe anayemfinyanga ana tumbo tupu na kitundu chini ya mkia ambacho watoto wanakishangilia kupita kiasi. Binti wa kati yumo. Bibi amemshika kidole gumba, anakisukuma ndani ya tumbo la ndama, anamwonyesha unene wa ukuta: hapa pamezidi, hapa pametosha. Kwa wajukuu anazungumza moja kwa moja, kwa sauti kubwa, bila kuzunguka hata kidogo. Nilitokeza kichwa kuuliza kama wanahitaji msaada. Akanyamaza palepale, akashusha kanga magotini, akasema, "Ahsante mkwe wangu, pumzika baba, umefanya kazi kubwa jana."

Mke wangu amekuja kunikuta hapa mezani.

"Baba watoto, mama anasema wakikauka vizuri watachoma Jumamosi ijayo."

"Vizuri. Nitawachimbia shimo."

"Shimo wanalo. Siku hiyo itabidi uende Kariakoo."

"Kufuata nini?"

Akaangalia dari. "Kiberiti."

"Kiberiti kipo hapo dukani."

"Cha Kariakoo kinawaka vizuri zaidi," akasema. "Uondoke asubuhi. Na usipande gari la kurudi mpaka nikupigie."